Vijidudu Visivyoonekana kwa Macho: Somo Juu ya Bakteria

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu wa shule za mashambani, bila shaka mmepata kuulizwa na wanafunzi swali kama hili: "Mwalimu, watuambia tuchemshe maji ya kisima kwa kuwa yana wadudu. Mimi nimeyatia katika bilauri nikayatazama juani, ni meupe, sikuona mdudu hata mmoja. Na babu yangu ameyanywa maji yayo hayo tangu utoto wake, na sasa kichwa chake chote ni mvi. Wadudu hao wako wapi?"

Swali hili si la utovu wa adabu. Ni swali la mtu mwenye akili, na mwalimu akilijibu kwa ukali, au kwa kusema "Kitabu ndivyo kisemavyo," amempoteza mwanafunzi wake. Mtoto huyo atakunywa maji yaliyochemshwa akiwa shuleni mbele ya mwalimu, na akifika nyumbani atayanywa kama yalivyochotwa. Basi leo twataka kulijibu swali hilo hatua kwa hatua, ili mwalimu apate la kufundisha darasani, na mzee wa kijiji apate la kusema barazani.

1. BAKTERIA NI NINI

Bakteria ni viumbe hai wadogo mno. Watu wamezoea kuwaita wadudu, lakini si wadudu kwa maana ya siafu au kiroboto. Hawana miguu, hawana macho, hawana kinywa wala tumbo. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe nyingi sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Bali bakteria mmoja ni chembe moja tu, na chembe hiyo hula, hukua, na huzaa peke yake.

Udogo wao ni wa ajabu. Ukiwapanga bakteria 500 wa namna iliyo ya kawaida, mmoja nyuma ya mwenziwe, mstari wao hautazidi milimeta 1, yaani nafasi iliyo kati ya alama mbili ndogo katika rula ya mwanafunzi. Ndiyo sababu maji yaweza kuwa na maelfu yao na bado yakaonekana meupe kama machozi. Kuwaona kwataka hadubini, chombo chenye vioo vya kukuza.

Maumbo yao si mamoja. Wako walio mviringo kama punje za mtama, wako walio warefu kama vijiti, wako waliopinda kama alama ya mkato tuandikayo katika sentensi, na wako waliojisokota kama parafujo.

Bakteria hawana mume na mke. Mmoja akiisha kula na kukua hujigawa katikati, wakawa wawili. Na wale wawili hujigawa, wakawa wanne. Wako ambao, wakipata chakula na joto la kuwafaa, hujigawa kila baada ya dakika 20. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme bakteria mmoja ameanguka katika sufuria ya mchuzi wa vuguvugu saa 12 asubuhi. Saa 1 watakuwa 8. Saa 2 watakuwa 64. Saa 3 watakuwa 512. Mtoto aendelee na hesabu hiyo mwenyewe, na ikifika saa 7 mchana ataona kwamba yule mmoja amekwisha kuwa zaidi ya milioni 2. Hapa ndipo tuelewapo kwa nini kiporo kilichoachwa wazi kutwa huweza kumharisha mtu, hali chakula hicho hicho kilipopakuliwa asubuhi hakikumdhuru yeyote.

2. JINSI WALIVYOJULIKANA

Mtu wa kwanza kuandika habari za bakteria alikuwa Mholanzi jina lake Antoni van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft. Hakuwa daktari wala mwenye elimu ya chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa. Lakini alipenda kusugua vioo vidogo vya kukuza, akawa fundi kuliko mafundi wote wa zama zake. Mwaka 1676 aliandika barua kwa wataalamu wa London akawaeleza viumbe wadogo aliowaona katika maji. Baadaye, mwaka 1683, aliwaandikia tena habari za ukoga alioukwangua katika meno yake mwenyewe, jinsi alivyouona umejaa viumbe wanaokwenda huku na huko.

Walakini kuona si kujua. Ilipita karibu miaka 200 kabla watu hawajafahamu kwamba baadhi ya viumbe wale ndio waletao magonjwa. Katika miaka ya 1860 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba mchuzi uliochemshwa hauozi ikiwa hewa iingiayo haina vumbi lenye vijidudu. Maana yake uozo hauji wenyewe, bali huletwa. Kisha Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa daktari wa wilaya ndogo ya mashambani, mwaka 1876 alithibitisha kwamba ugonjwa wa kimeta, unaoua ng'ombe na kondoo, unatokana na bakteria wa namna moja. Na tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, akatangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Kabla ya siku hiyo watu wengi wa Ulaya walisadiki kwamba kifua kikuu ni urithi wa ukoo, kama vile ambavyo hata sasa wako watu kwetu wanaodhani kwamba ni mkosi wa nyumba fulani. Kumbe si mkosi. Ni kwamba watu wa nyumba moja huvuta hewa moja.

Twapenda kuongeza habari moja zaidi, maana ina mafunzo kwa wote. Katika mji wa Vienna palikuwa na hospitali kubwa ya wazazi. Katika sehemu moja ya hospitali hiyo, iliyotumiwa na madaktari na wanafunzi wao, wanawake wengi walikufa kwa homa baada ya kujifungua. Daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari wale walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, bila kusafisha mikono vema. Mwezi wa Mei 1847 akawaamuru wote wanawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100. Ilipofika Juni walikufa kama 2 tu. Hata hivyo wakubwa wengi wa udaktari walikataa maneno yake. Waliona ni aibu kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Semmelweis akafa mwaka 1865 kabla hajakubaliwa.

Basi kijana aliyesoma asimcheke mzee wa kijijini asiyesadiki habari za vijidudu. Hata mabingwa wa Ulaya walikataa, nao walikuwa na hesabu ya waliokufa mbele ya macho yao. Mtu haachi desturi yake kwa kuchekwa. Huiacha kwa kuonyeshwa.

3. WENGI WAO NI RAFIKI ZETU

Mwalimu asiwatie watoto hofu ya bure. Bakteria walio wengi hawatudhuru, na wengine hatuwezi kuishi vema bila ya wao. Katika mwili wa mtu mzima wamo bakteria takriban trilioni 38, hasa katika utumbo mpana, ingawa kwa udogo wao uzito wa wote haufiki nusu kilo. Hutusaidia kusaga baadhi ya vyakula, na huwazuia waovu wasipate mahali pa kukaa. Maziwa mgando hugandishwa na bakteria. Ng'ombe hawezi kupata nguvu katika majani makavu ila kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake.

Mkulima naye ana rafiki asiowajua. Ng'oa mche wa kunde au wa maharagwe, utaona vifundo vidogo katika mizizi yake. Humo hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ndiyo maana shamba lililopandwa kunde au choroko mwaka huu huota mahindi mazuri mwaka ujao. Aidha, bila bakteria wa kuozesha, majani na mizoga ingejaa ulimwenguni na udongo ungekosa rutuba.

Kwa hiyo kazi yetu si kuwaua bakteria wote, jambo lisilowezekana, bali ni kuwazuia wale waovu wachache wasipate njia ya kutuingia.

4. JINSI WANAVYOTUDHURU, NA NJIA WANAZOPITA

Bakteria waovu hutudhuru kwa namna mbili. Wengine huiharibu nyama ya mwili, kama yule wa kifua kikuu alavyo mapafu pole pole. Wengine hutoa sumu, kama yule wa pepopunda, ambaye hukaa katika kidonda kidogo tu, lakini sumu yake hukaza misuli ya mwili mzima, mgonjwa asiweze kufumbua kinywa. Na njia zao za kuingia ni nne zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni kinywa. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo, na wa namna moja ya kuhara damu hutoka katika choo cha mgonjwa, wakaingia katika kinywa cha mzima. Neno hili ni baya kulisikia, lakini yafaa lisemwe waziwazi: aliyepata kipindupindu amekula au kunywa kitu kilichoguswa na kinyesi cha mtu mwingine. Kililetwa na maji ya mto, au na nzi, au na mkono.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa mmoja wa London, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Maji yenu mwachota wapi?" Akaona kwamba waliokufa karibu wote walichota katika bomba moja la mkono la njia iitwayo Broad Street. Akawaendea wazee wa mtaa akawasihi wang'oe mpini wa bomba lile. Wazee hawakusadiki sana maneno yake, lakini walikubali, na tarehe 8 Septemba mpini ukang'olewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia; lakini hatari ya kurudi tena ilikatwa. Baadaye ikajulikana kwamba karibu na kisima kile palikuwa na shimo la uchafu, na mama mmoja alimwaga humo maji aliyofulia nepi za mtoto wake mgonjwa. Machifu na wazee waitafakari habari hii. Wazee wale hawakuwa madaktari, wala hawakungoja mpaka wafahamu yote. Walitumia mamlaka waliyokuwa nayo, wakafunga kisima.

Njia ya pili ni pumzi. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa hutoa matone madogo yasiyoonekana, nayo huelea katika hewa ya chumba kilichofungwa. Mwanga wa jua na hewa ipitayo ni adui wakubwa wa bakteria huyu. Nyumba yenye madirisha makubwa ni bora kuliko nyumba yenye mapambo mengi na giza.

Njia ya tatu ni kidonda. Bakteria wa pepopunda hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Hali ikiwa mbaya kwake hujifungia katika ganda gumu, akakaa miaka mingi bila kufa. Zamani, na mahali pengine hata leo, kitovu cha mtoto mchanga kilikatwa kwa kisu cha jikoni au kwa ganda la muwa, kisha kikapakwa mavi ya ng'ombe ili kikauke upesi. Mtoto alinyonya siku chache, kisha akashindwa kunyonya, akakakamaa, akafa; na watu wakasema amerogwa, au ameingiwa na ndege wa usiku. Mama yule hakuwa mvivu wala hakuwa mbaya. Alifuata aliyofundishwa na mama yake. Leo twajua kwamba sindano ya kinga apewayo mama mjamzito humlinda mtoto pia, na kwamba kitovu kitakacho kukatwa kwa wembe mpya na mikono iliyooshwa hakiingii ugonjwa huo kwa urahisi. Kwa njia hizo Uganda mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2012, zilitangazwa kuwa zimekomesha pepopunda ya watoto wachanga kuwa tishio kwa umma. Ushindi huo haukai wenyewe. Hukaa maadamu mama wanachanjwa.

Njia ya nne ni wadudu waumao. Viroboto wa panya huleta tauni. Na kwetu Afrika ya Mashariki yuko papasi, ambaye wazee wamjua vema: hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku akauma, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Homa yake humshika mtu siku kadhaa, ikaacha hata akadhani amepona, kisha ikarudi. Mwaka 1905 Robert Koch, yule yule aliyempata bakteria wa kifua kikuu, alikuwa huku kwetu akichunguza homa hiyo. Alimwona bakteria aliyejisokota kama parafujo ndani ya papasi, na hata ndani ya mayai ya papasi. Mwaka huo huo madaktari wawili, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd, walikuwa Kongo wakiichunguza homa hiyo hiyo. Dutton akaugua, akafa huko Kasongo, naye bado kijana. Wataalamu wa baadaye walieleza kwa nini homa hiyo hurudi: mwili ukiisha kumtambua bakteria na kumshinda, wachache hubadili vazi lao la nje, mwili usiwatambue, wakaanza vita upya.

5. HABARI YA BABU NA KISIMA

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Ni kweli, babu yake ameyanywa maji yale na hakufa. Lakini jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, kisima hakina bakteria waovu siku zote. Kilikuwa salama jana kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa karibu nacho. Mvua kubwa ikinyesha leo na kuzoa uchafu wa vichakani, kesho kitakuwa kingine, na rangi ya maji huenda isibadilike.

Pili, mwili wa mtu una askari wake. Aliyekwisha kuugua ugonjwa fulani akapona, mara nyingine askari wake hujifunza kumtambua adui yule. Mtu mzima mwenye afya huweza kustahimili bakteria wachache ambao wangemwua mtoto mchanga au mtu dhaifu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, babu ndiye aliyebaki. Mwanafunzi na amwulize babu yake kwa adabu: "Babu, mlizaliwa wangapi kwenu, na wangapi walifika utu uzima?" Huenda akasikia kwamba walizaliwa wanane wakakua watatu. Wale watano nao walikunywa maji ya kisima, ila hawapo barazani leo kutoa ushahidi. Asiyekufa husema, aliyekufa hasemi. Tukisikiliza waliobaki tu, kila hatari itaonekana kuwa ndogo.

6. YATUPASAYO KUFANYA

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli kweli, kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Asiye na kuni atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake.

Choo kichimbwe mbali na kisima, kisiwe chini ya mita 30, wala kisiwe upande wa juu ambako maji hutelemkia kisimani. Tundu lake lifunikwe nzi wasiingie.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminika: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kunyonyesha. Desturi yetu ya kunawa kabla ya kula ni njema sana, lakini watu kumi wakinawa katika bakuli moja bila sabuni, wa kumi amenawa uchafu wa tisa. Maji na yamiminwe kwa birika.

Chakula kiliwe kingali moto. Kiporo kifunikwe, na kabla ya kuliwa kipashwe mpaka kitokote. Walakini kilichokaa kutwa katika joto kisitegemee moto. Maana moto huweza kumwua bakteria, na sumu aliyokwisha kuitoa ikabaki.

Mtu akiharisha sana, kinachomwua upesi ni kukaukiwa na maji. Asinyimwe kinywaji hata kidogo. Chukueni lita 1 ya maji safi, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, visiwe vya kilima. Korogeni, mnyweshe kidogo kidogo, tena na tena, huku mkimpeleka hospitali. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani. Akawapa jamaa za wagonjwa maji ya sukari na chumvi wawanyweshe wagonjwa wao. Badala ya kufa watu kama 30 katika kila 100, walikufa chini ya 4. Dawa hiyo imo katika kila jiko lenye sukari na chumvi.

7. DAWA, NA ONYO

Mwaka 1928 Mskoti Alexander Fleming, akiwa London, aliona kwamba ukungu ulioangukia sahani yake ya bakteria umewaua waliokuwa kandokando. Hapo ndipo ilipotokea penisilini. Dawa za namna hii huitwa antibiotiki, na zimeokoa watu wasiohesabika. Wazee wengi wakumbuka jinsi sindano ya penisilini ilivyoponya vidonda vya buba katika miaka ya 1950.

Lakini dawa hizi zina masharti. Kwanza, haziui virusi, ambavyo ni vidogo kuliko bakteria na ni vya namna nyingine. Mafua ya kawaida na surua ni magonjwa ya virusi. Anayemeza antibiotiki kwa ajili ya mafua ametupa fedha yake, na amewafundisha bakteria wa mwilini mwake kuizoea dawa.

Pili, zitumiwe kwa kipimo na kwa siku alizosema daktari. Mkulima avijua vita hivi. Akipalilia shamba akakata majani juu tu na kuacha mizizi, magugu yaliyo dhaifu hufa, na yale yenye mizizi mirefu huchipuka na kulijaza shamba. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye matibabu yake ya kawaida ni miezi 6: mwezi wa pili hupata nafuu, kikohozi hupungua, akaacha dawa. Waliokufa ni bakteria dhaifu. Waliobaki ni wale wagumu, nao ndio atakaowapa mkewe na watoto wake. Fleming mwenyewe alitoa onyo la namna hii mwaka 1945 alipopokea tuzo la Nobel. Onyo halikusikiwa sana: mwaka 2019 peke yake, watu zaidi ya milioni 1 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokwisha kuzishinda dawa. Basi vidonge visinunuliwe kwa uchache wa fedha iliyomo mfukoni, wala jirani asimgawie jirani vilivyobaki.

8. MAJARIBIO MAWILI YA DARASANI

La kwanza. Twaeni chupa mbili za kioo, tieni mchuzi mwembamba wa nyama au maji ya maharagwe, sawasawa. Zibeni moja kwa pamba iliyokazwa, nyingine iacheni wazi. Zisimamisheni katika sufuria ya maji, mchemshe nusu saa. Ziwekeni kabatini siku nne, kisha mtazame bila kuonja. Iliyo wazi itakuwa imechafuka na kunuka. Iliyozibwa aghalabu itakuwa safi. Ikiwa nayo imechafuka, msifiche. Waelezeni watoto kwamba wako bakteria wenye ganda wasiokufa upesi kwa moto, kisha mrudie jaribio. Mkimaliza, mwageni yote chooni na mchemshe chupa.

La pili. Mwalimu ajipake mafuta kidogo kiganjani, kisha majivu au masizi ya sufuria. Ampe mkono mwanafunzi mmoja, naye ampe mwenziwe, hata wa tano. Wote waonyeshe viganja. Kisha mmoja anawe kwa maji matupu, na mwingine kwa sabuni. Darasa zima litaona kwa macho yake jinsi kisichoonekana kinavyosafiri, na ni kipi kinachokiondoa.

9. MASWALI

(1) Bakteria mmoja akijigawa kila dakika 20, baada ya saa 4 watakuwa wangapi?
(2) Taja njia nne wanazoingilia bakteria waovu, na ugonjwa mmoja kwa kila njia.
(3) Kwa nini shamba la kunde huupa udongo rutuba?
(4) Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa akipata nafuu?
(5) Kisima cha kijiji chenu kiko hatua ngapi kutoka choo kilicho karibu nacho? Nendeni mkapime.

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote, wala jibu lake halimo katika karatasi hii. Twawaomba walimu walipeleke jibu la wanafunzi wao kwa mzee wa kijiji, na twamwomba mzee alipokee kwa heshima ijapokuwa limeletwa na watoto. Akiona choo ki karibu mno, asingoje kipindupindu kimthibitishie.